Theluji ya Mlangoni kwa Uwamariya

Uwamariya alikuwa mtu wa kununa, si mtu wa kulalamika. Watu hawa wawili hawafanani hata kidogo. Mlalamishi husikika, akasaidiwa, mambo yakaisha. Anayenuna hufunga mdomo, akakupikia chai, akakuuliza habari za watoto, nawe ukaaga ukiamini umepokewa vizuri. Ndiyo maana majira ya baridi yale, baada ya mumewe Callixte kufariki, hakuna aliyejua kwamba mama huyu amelinunia kanisa zima.

Alikuwa na miaka hamsini na sita, na nyumba ndogo ya mbao ya buluu iliyopauka huko Columbia Heights, Minnesota, karibu na kituo cha basi. Hiyo nyumba yeye na Callixte waliipata baada ya miaka kumi na mmoja ya kupanga vyumba ambavyo jirani akikohoa unaitika. Kabla ya hapo ilikuwa kambi ya wakimbizi Uganda, na kabla ya kambi ilikuwa Masisi, milima ya Kongo, ambayo hakupenda kuizungumzia. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wagonjwa: kuwainua, kuwageuza, kuwaogesha, kuwaketisha. Ikifika saa kumi jioni mgongo wake ulikuwa umekwisha kusema yote uliyo nayo, na bado palikuwa na basi la kusubiri.

Callixte aliugua figo miaka miwili. Katika baridi ya mwaka uliotangulia alikuwa hawezi tena kushika beleshi, akawa anakaa dirishani kuangalia theluji ikishuka. Lakini mlango wao haukuwahi kuzibwa siku hata moja. Kila ilipoanguka, Anicet alitokea. Anicet alikuwa shemasi wa kanisa lao, mtu mzima mwenye watoto wanne, mfanyakazi wa ghala kubwa la mizigo kule Shakopee, na alikuwa anakaa mitaa miwili kutoka hapo. Hakuitwa wala hakuombwa. Alifika na beleshi lake, akasafisha ngazi, njia ya gari na njia ya waenda kwa miguu, akagonga dirisha mara mbili kumsalimia mgonjwa, akaenda zake.

Callixte akafa wiki ya pili ya Januari. Ardhi ilikuwa imeganda hata kaburi lilichimbwa kwa mashine. Kaka yake mkubwa alikuwa Kanada, karatasi zake za kuvuka mpaka hazijatoka, kwa hiyo ukoo ukakubaliana kwamba siku ya kuondoa kilio, yaani siku ambayo wafiwa humaliza matanga na kurudi kwenye mambo yao, ingesubiri mpaka afike. Walisema wiki mbili. Zikawa tatu, zikawa tano.

Theluji nayo haikungoja karatasi za mtu. Ilianguka Jumanne ya kwanza baada ya mazishi. Uwamariya, aliyekuwa amepewa siku chache za mapumziko kazini, alisimama dirishani na kikombe mkononi akimsubiri Anicet. Saa mbili ikapita, saa tatu, saa nne. Kikombe kikapoa. Anicet hakuja. Jumapili watu wa kanisa wakaja na masufuria ya wali, maharage na nyama, wakaivuka theluji mmoja nyuma ya mwingine huku wameshika sketi na suruali, wakakanyaga kanyaga mpaka pakatokea kijia chembamba cha kutosha mguu mmoja. Wakaomba, wakaimba, wakala, wakarudi kwa kijia kilekile. Hakuna aliyeinama.

Ikaanguka ya pili, ikaanguka ya tatu. Kile kijia kikawa barafu ngumu, na kando zake theluji ikafika magotini. Asubuhi moja Uwamariya aliteleza akienda kazini, akajishika kwenye chuma cha ngazi, bega likamuuma siku nne. Siku ya tano akakuta karatasi ya manispaa imetundikwa kwenye kitasa, inamkumbusha mwenye nyumba kwamba njia ya waenda kwa miguu ni wajibu wake.

Alikaa mezani na ile karatasi, akafikia uamuzi ambao mtu mwenye hasira huufikia upesi. Kumbe walikuwa wanamfanyia Callixte. Mtu wao alikuwa Callixte, mzee wa baraza, mwenye sauti nzuri ya besi. Mjane wake wanamletea wali, wanashika tama, wanasema pole, na mlango wake uzibe. Aliumia kuliko alivyokuwa tayari kukubali. Na kwa kuwa ni mtu wa kununa, Jumapili iliyofuata aliwapikia chai yenye tangawizi.

Binti yake Héritière ndiye aliyesema waziwazi. Alikuwa muuguzi, ana mume na watoto wawili, na nyumba kubwa huko Maple Grove. Alikuja Jumatano, akaliacha gari barabarani kwa sababu njia ya gari haikuonekana, akaingia akiwa amelowa mpaka magotini.

"Mama, hapa hapakaliki," alisema kabla ya kuvua koti. "Uanguke, uvunjike nyonga, nani atakuokota? Kuya kwetu. Chumba cha chini kiko tayari, nimetandika hata kitanda."

"Hapa ni kwangu."

"Najua ni kwako. Lakini neige hii, theluji hii, haijui kama ni kwako. Papa alikuwa anaweza. Anicet alikuwa anakuja. Sasa eko wapi?"

Uwamariya alichukua koti la binti yake akalitundika. Alikiangalia kiti cha dirishani. Kule Maple Grove angekuwa na chumba kizuri chenye joto, na wajukuu ambao ukiwauliza kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, na televisheni inayowaka mchana kutwa. Angekuwa mgeni anayeoshewa sahani. Humu ndani alijua ubao gani wa sakafu unalia, na chumba cha nyuma kilikuwa bado na harufu ya dawa za Callixte. Hakutaka kuiacha harufu ile kwa sasa.

"Nipe theluji moja," akasema. "Ikianguka nyingine, nitaisafisha mwenyewe, mlango mpaka barabarani. Nikishindwa nitafunga mizigo, nitakuja."

"Na kama umeshindwa utaniambia?"

"Utakuja kuangalia mwenyewe."

Héritière akamtazama mama yake, mfupi, mnene kidogo, bega moja limeshuka. Akasema sawa, kwa ile sauti ambayo wauguzi huitumia kwa wagonjwa wakaidi.

Jaribio la kwanza halikuwa la kujivunia. Uwamariya alitoa beleshi la Callixte kutoka banda la gari. Callixte alikuwa mrefu, na beleshi alilinunua la kimo chake, mpini kama mlingoti wa bendera na bapa pana la bati. Uwamariya alichota mara ya kwanza, akatupa. Alichota mara ya pili, na kabla ya kutupa mgongo ukamkamata chini ya kiuno, akabaki ameinama vile, na beleshi mkononi, akihesabu pumzi. Akajikongoja mpaka ndani, akalala chali sakafuni nusu saa.

Kazini alimweleza Mumbi, Mkenya, muuguzi mkuu wa zamu yao, mwanamke mwenye miwani na maoni. Hakumweleza habari za kanisa. Alimweleza habari za beleshi tu.

"Mama Héritière, hiyo spade ya mzee itakumaliza," Mumbi alisema. "Alhamisi tuko off sote wawili. Nitaku-pick tuende dukani. Lakini usikuje na mawazo ya mashine kubwa. Mtu wangu alinunua moja ya petroli, nzito kama ng'ombe, sasa inakaa tu hapo gereji. Kui-start ni vita, kuigeuza ni vita."

Basi Alhamisi wakaenda duka la vifaa kule Maple Grove, moja ya yale maduka ambayo mtu akipotelea upande wa rangi anatafutwa kwa kipaza sauti. Vifaa vya theluji vilikuwa vimejaa ukuta mzima. Uwamariya alisimama mbele yake akahisi uchovu unampanda kutoka miguuni. Hakuwahi kununua kitu cha nje ya nyumba. Ndani alikuwa yeye, nje alikuwa Callixte. Hivyo ndivyo walivyogawana maisha, na hakuna aliyefikiria kwamba upande mmoja ungebaki bila mtu.

Mumbi alianzia kwenye mashine za petroli, makusudi, ili wazitoe njiani. Uwamariya alishika usukani wa moja, akajaribu kuisogeza, haikumtazama hata. Zikafuata za umeme wa waya. Zilikuwa nyepesi, lakini alijiona mwenyewe na waya mrefu nyuma, unapita kwenye maji na barafu, unanasa kwenye kila kona ya ngazi, akasema hapana, nyoka huyo hamtaki.

Kisha wakafika kwenye mabeleshi, na hapo akaanza kufanya jambo lililomfanya Mumbi acheke mpaka akavua miwani. Alikuwa anayainua kama anavyoinua wagonjwa. Alikuwa hasomi maandishi, haangalii rangi. Alishika, akapinda magoti, akavuta kitu karibu na tumbo, akasubiri kidogo, akarudisha. Miaka tisa ya kuwageuza wazee ilikuwa imemfundisha kwamba uzito wenyewe si tatizo, tatizo ni uzito ulio mbali nawe. Mzee wa kilo themanini aliyekukaribia kifuani anainuka. Mtoto mchanga ukimshika mikono imenyooka anakuvunja.

"Hili lenye mpini uliopinda," akasema, "halinilazimishi kuinama sana. Lakini bado natakiwa kutupa. Kutupa ndiko kunakoniua."

"Basi usitupe. Sukuma." Mumbi akamletea beleshi pana la plastiki, bapa lake limejikunja mbele, la kusukumia theluji mpaka pembeni bila kuinua. Uwamariya akalisukuma kwenye sakafu ya duka, kwenda na kurudi, watu wakimpisha. Akalipenda. Lilikuwa linafanya kazi kwa miguu, na miguu bado alikuwa nayo.

La mwisho lilikuwa kijimashine cha betri. Kwa kweli lilikuwa beleshi lenye moyo: mpini mrefu, kishikio cha pili katikati, na chini bomba linalozunguka, linalokula theluji na kuirusha mbele. Alikishika. Kilikuwa na uzito wa mfuko wa mchele wa kilo saba, ila mfuko wenyewe unakaa chini na kuteleza, huubebi. Betri inachajiwa jikoni kama simu. Unabonyeza, kinanguruma, unakwenda nacho taratibu.

Mumbi alisoma boksi kwa sauti. "Ni ya theluji nyepesi, mpya, isizidi inchi sita. Ya nyumba ndogo, si ya kila siku. Wamesema usiitumie kwa ile imekanyagwa ama imekuwa barafu. Na usiitumie kwa ile greda ya barabara imesukuma hapo mwisho wa driveway. Umeskia? Hapo mwisho itakufa."

"Na hapo mwisho nitafanyaje?"

"Hapo mwisho unaitanga mtu," Mumbi akasema, kama jambo la kawaida.

Uwamariya alilegea uso kidogo, halafu akakaza. Akachukua kijimashine, akachukua na beleshi la kusukuma. Akachukua mfuko wa chumvi. Mtu wa kuita hakuwa kwenye rafu.

Theluji ilikuja usiku wa kuamkia Jumamosi, baada ya siku kadhaa za jua zilizoyeyusha ile ya zamani, ikabaki barafu ya kijia tu. Alipovuta pazia kulikuwa kumepambazuka, hakuna upepo, na nje pamelala weupe wa inchi tano, laini, haujaguswa hata na paka. Alikuwa na Jumamosi nzima, kwa hiyo hakukimbilia kitu. Akanywa uji, akavaa suruali mbili, koti la Callixte juu ya lake, akafunga kitambaa kichwani, akatoka na mashine.

Mwanzo ulikuwa mzuri kuliko alivyotegemea. Baraza na ngazi alizimaliza kwa ufagio tu. Kwenye njia ya gari alibonyeza kitufe, mashine ikanguruma, theluji ikaruka mbele na kutua kwenye nyasi zilizozikwa. Alikwenda mstari mmoja mpaka chini, akarudi na mwingine. Hakuharakisha. Kila mistari minne alisimama na kupumua, mkono kiunoni. Jirani wa pili, Mmarekani mzee, alimpungia mkono kutoka dirishani, naye akampungia. Palikuwa hata na kitambo kidogo ambapo alifurahi, halafu akakumbuka hana wa kumwambia, furaha ikaisha.

Kile kijia cha watu wa kanisa ndicho kilichomtia uchungu. Mashine ilipita juu yake ikala theluji mpya, chini ikabaki barafu ya wiki tano yenye alama za viatu. Aliweza kuwatambua: hizi buti kubwa ni za Anicet, hivi visigino ni vya wifi yake Mutesi, dada wa Callixte. Aliimwagia chumvi, akaigonga kwa ncha ya beleshi la zamani, kipande baada ya kipande. Kila kipande alikisindikiza na neno, na maneno mengine si ya kuandikwa hapa.

Kisha akafika mwisho wa njia, na hapo greda la manispaa lilikuwa limepita mapema na kumwachia tuta. Lilikuwa limemfika mapajani, la kijivu, limechanganyika na mawe na chumvi, limeshindiliwa likakaza. Alijaribu mashine, kwa ukaidi tu. Ikalalamika, ikatetemeka, ikazima. Akaisogeza pembeni asije akaiua siku ya kwanza. Akaanza kwa beleshi: kumega, kusukuma, kumega, kusukuma. Kipande cha ukubwa wa kichwa, pumzi. Kipande kingine, pumzi. Jasho likamtoka chini ya makoti mawili na usoni baridi inamkata. Mara mbili alikaa juu ya lile tuta kama juu ya kiti. Mara ya pili alifikiria chumba cha chini cha Maple Grove na kitanda kilichokwisha kutandikwa, na kusema haki ya Mungu, kilimvutia. Akainuka tu kwa sababu matako yalikuwa yanaganda.

Alipofungua uwazi wa kupita gari moja jembamba, ilikuwa karibu saa tano. Saa tatu zilikuwa zimeondoka. Akaburuza vifaa mpaka ndani, akaketi jikoni na makoti yake yote mawili, hoi, akajimiminia chai. Hakuhisi ushindi. Alihisi mgongo.

Hakuwa amemaliza chai aliposikia milango ya magari. Moja, mbili, tatu. Akachungulia. Anicet alikuwa amesimama mwisho wa njia na beleshi lake mkononi, na nyuma yake wanaume wawili wa kanisa. Mbele yao, polepole kama anayeingia mahali pa ibada, alikuwa anakuja wifi Mutesi, kitenge amekifunga juu ya koti, anaiangalia njia iliyosafishwa huku ameziba mdomo kwa kiganja. Kumbe mke wa Anicet alikuwa amepita na gari akamwona mama mwenye mashine, na simu zikapigwa kutoka Saint Paul mpaka Shakopee.

Uwamariya akafungua mlango. Alikuwa amechoka mno, hata kununa hakuweza.

"Wifi," Mutesi akasema, "umefagia."

"Nimeondoa theluji."

"Ndiyo. Umefagia mlango wa kilio."

Uwamariya alimwangalia bila kuelewa, na baridi ikaanza kuingia ndani. Wakaingia wote, wakavua viatu, wakakaa. Mutesi ndiye aliyesimulia. Kesho yake ya mazishi, alfajiri, kulikuwa na vumbi jepesi la theluji, na Anicet alifika na beleshi lake kama kawaida. Mutesi, aliyelala pale na wanawake wengine kumsindikiza mfiwa, alimkuta kwenye ngazi akamzuia. Kwao Masisi uwanja wa nyumba yenye msiba hauguswi na ufagio mpaka ukoo uondoe kilio. Majani yaanguke, majivu yamwagike, kila kitu kinabaki kilipo, ili apitaye ajue kwamba humu mtu ametoka na hajasahaulika. Anicet akarudisha beleshi garini, akaomba radhi, akawapa habari wenzake kanisani. Basi theluji zote tatu zilipoanguka, waliheshimu. Na ukoo ulikuwa unamsubiri kaka wa Kanada.

Desturi yenyewe Uwamariya aliijua vizuri sana. Baba yake alipokufa aliona uwanja wao umejaa majani ya migomba siku nane, na yeye mtoto akachapwa kwa kushika ufagio. Lakini hakuwahi kuwaza hata mara moja, katika akili yake yote, kwamba theluji ya Minnesota nayo ni majani ya migomba.

"Mimi nilikuwa napita hapa kila ikianguka," Anicet akasema, macho kwenye soksi zake. "Beleshi liko nyuma ya gari. Nasimamisha, naangalia, nasema ninyanyue hata kidogo. Halafu nasema, hapana, Mama Héritière ameacha hivi kwa kusudi. Nani mimi nimharibie kilio?"

"Na tulikusifu, wifi," Mutesi akaongeza, na sauti yake ilikuwa na fahari bado. "Kanisani tulisema, ona mke wa Callixte. Nchi ya watu, karatasi za manispaa zinaletwa, naye ameacha mlango wake kama wa nyumbani. Anajua kumlilia mume."

Hapo Uwamariya alicheka, kicheko kifupi kisicho na raha. Wiki tano alikuwa anasimama dirishani akiwalaani, nao wiki tano walikuwa wanamsifu.

"Nilidhani mmenisahau," akasema.

Mmoja wa wale wanaume akajikohoza. Anicet uso ukamharibika kama wa mtu aliyepigwa mbele za watu.

"Niliteleza pale kwenye ngazi," Uwamariya akaendelea, bila kupandisha sauti, kwa kuwa sauti ya kupandisha hakuwa nayo. "Bega bado linaniuma. Mlikuwa mnapita juu ya theluji yangu na masufuria. Mngeniuliza. Neno moja tu mngeniuliza."

"Mfiwa haulizwi," Mutesi akasema, taratibu, na hata yeye mwenyewe alionekana kuisikia vibaya.

Kisha Uwamariya akauliza lile ambalo lilikuwa limeanza kumsumbua. "Na sasa nimefagia. Ina maana gani?"

"Mwenye mume ndiye mwenye mlango, wifi. Amefagia, basi kilio kimeondoka."

"Kaka yake hajafika."

"Atakuta kimekwisha. Hakirudishwi."

Anicet akainuka, hakuweza kukaa zaidi. Akasema anakwenda kupanua pale kwenye tuta la greda, na wenzake wakamfuata. Uwamariya alimwita akiwa anavaa buti. Alimwambia njia ya gari na ngazi ataendelea kuzifanya mwenyewe, mashine anayo, inamtosha. Lakini pale mwisho, greda likipita, aje. Kila likipita, aje, asiulize mtu. Anicet akasema ndiyo mama, mara tatu.

Ndipo simu ikalia. Ilikuwa Héritière, yuko njiani anakuja kukagua, na tayari amekwisha kusikia nusu ya habari.

"Mama, nani amesafisha?"

"Mimi."

"Yote? By yourself?"

"Yote, mpaka barabarani. Kwenye tuta la greda nimefungua pa gari moja, Anicet anapanua. Atakuwa anakuja kwa hapo."

Upande wa pili ikasikika sauti ya kioo cha gari kikipanguswa. "So unabaki."

"Ninabaki."

"Sawa, Mama." Safari hii haikuwa sauti ya muuguzi. "Sawa."

"Héritière," Uwamariya akasema, "kilio cha baba yako kimekwisha."

"Kimekwisha namna gani? Baba mkubwa hajavuka hata mpaka. Nani amekiondoa?"

"Mimi. Leo asubuhi. Nilikuwa sijui."

Akaanza kueleza kuhusu uwanja na ufagio, akaacha. Aliona tu kwamba wiki tano zile alizopewa kumlilia Callixte alizitumia kwa hasira, kwa basi, kwa mgongo na kwa beleshi, akisema moyoni kwamba atalia akishapata nafasi, na asubuhi ya leo, kwa mikono yake, ameufuta muda wenyewe. "Mimi sijaanza," akamwambia mtoto wake. "Sijamlilia baba yako hata siku moja."

Simu ikamponyoka. Akateleza kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni, na makoti yake mawili, akalia kwa sauti, kama wanavyolia kwao, akimwita Callixte kwa jina. Mutesi alikuwa na haki ya kumnyamazisha, maana kilio kilikwisha kuondolewa na yeye ndiye aliyetamka hivyo. Badala yake alivua kitenge chake, akakitandika sakafuni, akakaa kando yake, akamwacha alie.